Gari la Uchafu Lililolia Kama Mbuzi

Ukipita soko kuu la Kasongo leo na viatu vyako vikatoka safi, usinishukuru mimi. Mimi nilikuwa upande wa waliocheka. Siku Fundi alipoleta gari lake la kwanza la kubeba uchafu, niliacha ndagala zangu, vile visamaki vikavu ninavyouza, bila mlinzi, nikalifuata gari lile nyuma kutoka kwa wauza mihogo mpaka kwa wauza nyama, huku nalia kama mbuzi. Meee! Meee! Soko zima likashika mbavu. Na wakati huo nilikuwa mama wa watoto watano, tena mwimbaji wa kwaya.

Gari lenyewe lilikuwa sanduku la mbao juu ya magurudumu mawili yaliyokatwa kwenye gogo. Hayakuwa duara kamili, kwa hiyo lilitembea likipanda na kushuka kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Ekseli yake ilikuwa mti unaosuguana na mti, ikawa inalia sauti ya mbuzi anayepelekwa kwa mchinjaji na ameshajua. Mimi nikapaaza sauti mpaka wauza chumvi wakasikia:

"Fundi, ulianza kabati, ukachoka katikati?"

Maana zamani alikuwa fundi wa vitanda na makabati. Alisimama mbele yangu, akaniangalia, akaangalia gurudumu. Alikuwa na sura ya mtu mwenye neno mdomoni. Mimi nikamjibu kabla hajasema: meee. Akainama, akashika mikono ya gari, akaendelea kusukuma. Lile neno nilikuja kulisikia baada ya miaka mingi, nilipolifuata mwenyewe kwa pikipiki mpaka Kabambare, mgongo ukinitukana njia nzima. Nitafika huko.

Ninamwita Fundi tu, na si kwamba nimesahau jina lake. Shule yangu iliishia darasa la tatu, hesabu ya kugawanya ilinifukuza, lakini majina ya watu hayanitoki. Mtu akinunua ndagala kwangu mara moja, nitakutajia jina lake, la mama yake na la jirani aliyemkopesha kikapu. La Fundi nalijua lote. Yeye ndiye hakutaka. Alikuwa akisema, "Gari njo ziko na majina, Mama. Miye niko nasukuma tu."

Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake jeupe siku zote. Huyu ni mtu anayezoa maganda ya ndizi na matumbo ya samaki, na shati lake lilimshinda weupe padri wetu. Mimi niliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi nilirudi nyumbani ninanuka ziwa zima la Tanganyika. Salamu yake ilianzia chini. Anaangalia miguu yako kwanza, halafu udongo uliosimamia, halafu mipira ya baiskeli yako kama unayo, ndipo macho yanapanda na kusema, "Jambo, Mama." Nilivaa kitambaa kipya cha kichwa Pasaka tatu na hakukiona hata kimoja. Lakini kandambili yangu ilipokatika kamba aliijua kabla yangu.

Na neno lake lilikuwa moja: "Inabeba?"

Ukimwambia binti ya Kashindi ameolewa Nyangwe na mvuvi, atauliza, "Inabeba?" Komini, ofisi ya mji, imepata burugumesta mpya wa kuiongoza: "Inabeba?" Siku moja nilimsimulia mahubiri ya Jumapili, yote, na mikono ya padri nikaiigiza. Alikuwa Mwislamu mwenye adabu na dini ya wenzake, akasikiliza mpaka amina. Halafu akauliza, "Inabeba?" Nilimkasirikia juma zima. Lakini nilipojaribu kukumbuka padri alitutuma tufanye nini, sikukumbuka. Nilichokumbuka ni mikono.

Atelie yake ilikuwa nyuma ya soko: bati la juu, mashini moja ya kuunganisha vyuma, jenereta linalokohoa, na kibao alichokiandika mwenyewe. Kibao kilisema KOMPANYI, basi. Watu wakimwuliza kompanyi ya nini, anawajibu, "Mutaona ikitoka." Ilianza na wafanyakazi wawili, yeye na binamu yake. Binamu akasikia habari za dhahabu ya Salamabila, akaenda kuchimba, Kompanyi ikabaki na Fundi na kuku mmoja aliyetagia kwenye debe la misumari.

Nikitaka kusimulia historia ya Kompanyi kama wanavyosimulia wenye tai, nitasema hivi: kwanza lilikuwa gari la gogo. Pili likaja la magurudumu ya baiskeli, ambalo halikulia tena, lakini liliinama ukilipakia mihogo mibichi. Tatu likaja la magurudumu ya pikipiki. Halafu sanduku likaacha kuwa la mbao, likawa la mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mwisho kabisa likaja lile lenye kumwaga lenyewe, unavuta chuma kimoja na sanduku linainuka. Watu walikusanyika kuliangalia, wengi kuliko waliokuja kumwona burugumesta. Hiyo ndiyo historia. Lakini haielezi Kompanyi iliishije, na hapo ndipo akili yake ilipokaa.

Kwetu, mtu akimpa mwanawe jina lako, mtoto huyo ni majina wako. Mtaitana hivyo maisha yote, yeye na wewe: majina, majina. Na jambo hilo lina kazi yake. Majina wako akizaliwa, unampelekea sabuni ya kumwogesha na mafuta ya kumpaka. Akikua ukampita njiani bila kumpa kitu, watu wanasema huyu mama anajinyima mwenyewe.

Fundi aliichukua desturi hiyo akaifunga kwenye magurudumu. Kila gari alilomaliza alilipa jina la mtu wa soko, akaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu, akalisukuma mpaka mbele ya meza ya mwenye jina, watu wote wakiangalia. Halafu anasema, "Majina wako amezaliwa." Sasa utafanya nini? Utamnyima mtoto mafuta?

Alianza na Mama Zaina, jirani yangu wa meza, anayeuza mawese. Nakuambia alikuwa na akili. Zaina alipiga vigelegele mpaka akapoteza sauti, akamwaga kopo zima la mawese kwenye ekseli. Tangu hapo kila siku ya soko alipaka gari lake kabla ya kupanga chupa zake, na majirani wa gari lake wakapata matone. Aliyefuata akawa Kashindi wa sabuni. Gari la Kashindi liling'aa mpaka nzi wakaliogopa. Akafuata Mwamini, ambaye mume wake anaziba mipira ya baiskeli. Halafu Feza wa chumvi, Anjelani wa mikate, Muzee Kitoko wa nyama, Salima ambaye anatembea ameegemea kushoto na gari lake nalo likaegemea kushoto, tusijue kama Fundi alikusudia. Komini haikutoa hata msumari. Soko lilikuwa linajisafisha kwa haya na kwa majivuno.

Mimi sikupewa.

Mwanzoni nilisema sitaki. Nilimwambia Zaina, "Weye unafurahi jina lako kubeba maganda?" Zaina alikuwa anapaka, akanijibu bila kugeuka: "Jina langu linatembea. La kwako limekaa tu na wewe."

Maneno hayo yalinichoma, na nitakuambia kwa nini, hata kama yananitia aibu. Nina wajukuu kumi na mmoja. Iko Merveille, iko Gloire, iko Plamedi, iko Dieumerci, wengine hata kuwatamka ulimi wangu unaomba kupumzika. Hakuna anayebeba jina langu. Binti zangu walizalia waume wenye mama zao, na mama mkwe anatangulia, hiyo naielewa. Tegemeo langu lilikuwa mwanangu wa kiume. Alipopata binti nilifika na sabuni na chupa ya mafuta kwenye kikapu, kumbe amehamia kanisa la maombi na mchungaji wao amemwambia jina Tabu linafunga milango ya baraka. Ndiyo, ninaitwa Tabu. Nilikaa nalo miaka yote na milango ilinifungukia kiasi chake. Nikarudi na mafuta yangu. Mtoto akaitwa Exaucée.

Basi mimi ninayekumbuka jina la kila mtu, langu litaondoka na mimi. Nikajikuta, mwanamke mzima, natamani gari la uchafu.

Nilijaribu njia nyingi. Kwanza nilidhani anawapa wanaomtukana, maana Zaina naye aliwahi kucheka, nikazidisha matusi. Hakuna. Nikageukia wema, nikamfungia ndagala kwenye jani kila Ijumaa. Alikula, akasema ahsante, akaangalia kandambili zangu. Mwisho nikamwuliza wazi: "Fundi, na mimi je? Ya kwangu utatengeneza lini?"

Alikuwa ameinama kwenye gurudumu. Akasema, "Yako nilishatengeneza, Mama."

Nikajua ananidhihaki kwa ajili ya siku ya mbuzi. Nikamwambia, "Mungu akusamehe," nikaondoka nikitembea kama mtu mwenye heshima, nikajikwaa kwenye debe la misumari na kuku akanipigia kelele.

Mwaka mmoja ikaonekana gari jipya kwenye atelie limefunikwa bashi la turubai. Halikuwahi kufunikwa gari kabla yake. Nikapiga hesabu zangu za darasa la tatu: kila mtu mkubwa wa soko ameshapata, na hili linafichwa, basi ni la mtu wa kushtukizwa. Asubuhi ya kulifunua nilivaa kikwembe changu cha sikukuu, nikabeba sabuni na chupa ya mawese niliyoinunua kwa Zaina mwenyewe, na nikamwambia Zaina, "Leo utaona." Nikasimama mbele kabisa. Fundi akavuta bashi. Ubavuni palikuwa pameandikwa jina la shefu mpya wa soko, mtu ambaye hakuwa amemaliza hata miezi miwili hapo.

Watu wakanigeukia na chupa yangu. Shefu mwenyewe alikuja mikono mitupu, hakujua desturi. Basi nilifanyaje? Nikapiga magoti na kikwembe changu cha sikukuu nikalipaka mafuta gari la mwanaume mwingine. Zaina akaniambia polepole sikioni, "Pole, mama mkunga."

Fundi alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliisafisha Kasongo, lakini uwanja wake mwenyewe ulikuwa na vyuma, mapipa, minyororo na viti visivyo na makalio, mpaka mkewe aliwahi kuanika nguo kwa jirani. Alitengeneza magari na hakupanda kitu chochote. Pikipiki ikisimama kumpa nafasi anasema, "Mwende tu, miye nitafika." Wachimbaji wa Salamabila walituma watu kutaka magari ya kubebea mchanga wa dhahabu, na wangemlipa vizuri kuliko soko lote. Akakataa. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Kule hakuna atakayepaka." Mimi nilimwita mjinga. Yule binamu yake alirudi kutoka kwenye dhahabu na viatu vya mtu mwingine.

Kuna mwanamke alishikwa na uchungu sokoni, siku ya mvua, pikipiki zote zimekwama. Wakasema apakiwe kwenye gari. Fundi akasema ndiyo, lakini lioshwe kwanza. Akaliosha. Akaliosha tena. Wanawake wakampigia kelele, "Fundi, mutoto hatangojea!" Yeye anasugua kona kwa kijiti. Walifika hospitali kichwa cha mtoto kiko mlangoni. Gari lilikuwa la Zaina, na mtoto alikuwa wa kike. Aliitwa nani? Zaina! Jirani yangu akawa na gari na mtoto, wote kwa mpigo mmoja. Alipeleka sabuni hospitali akipita mbele ya meza yangu polepole sana.

Halafu lilikuja lori la kweli la uchafu, lililoletwa na mradi, jeupe, lenye mdomo nyuma wa kutafuna takataka. Sisi tukasema Kompanyi imekufa. Lori lilifika mlangoni pa soko na halikuweza kuingia, maana kati ya meza ya Feza na ya Anjelani mtu mnene anapita kwa ubavu. Likangojea uchafu uletewe nje. Nani akauleta? Magari ya Fundi. Mafuta yake yalipokwisha likaegeshwa nyuma ya komini, na liko hapo. Nilidhani Fundi atafurahi. Kumbe kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa anakwenda kulitembelea kama mgonjwa. Analigusa, analipima kwa kamba yenye mafundo, analala chini yake na shati lake jeupe. Nilimwambia, "Unamuombolezea adui yako?" Akasema, "Hii kazi ya mutu mwenye akili, Mama. Tatizo hakutuuliza njia." Lile gari la kumwaga lenyewe lilitoka kwenye kamba ile yenye mafundo.

Na mbao! Kwa mbao alikuwa mchoyo. Msumari ulioinama aliunyoosha, kipande cha mkono mmoja alikiweka. Kwa hiyo sikuelewa siku aliyonigawia gari zima. Lile la kwanza, la mbuzi, magurudumu yake ya gogo yalipasuka, na meza yangu wakati huo ililiwa na mchwa, nikawa nauzia chini. Alilileta mwenyewe amelipakia juu ya gari la Kashindi. Akalishusha, akaliweka juu ya matofali manne, akalitingisha kuona kama limetulia.

"Weka ndagala zako humo, Mama. Iko na pande, hazitamwagika."

Mimi nikaona adhabu. Nikasema moyoni, huyu anataka niuzie juu ya kosa langu mpaka nizeeke. Lakini meza ni meza. Nikatandika mfuko wa plastiki, nikamwaga ndagala, na kweli hazikumwagika. Nimekaa nyuma ya sanduku lile tangu hapo. Chini yake naweka makopo yangu na kiti, na sijawahi kuchungulia kwa sababu mgongo wangu na kuinama hawaongei.

Macho yake ndiyo yalimwangusha. Aliunganisha vyuma miaka yote na miwani ya jua ya kununua njiani, akisema ile ya kweli inamfichia kazi. Ikaanza kwa kusalimia watu vibaya. Siku aliponiambia "Jambo, Mama Zaina," nilijua. Alikuwa ameangalia miguu yangu na hakuijua.

Binti yake anakaa Kabambare, akaja kumchukua. Kabla ya kuondoka Fundi aliita soko. Akasema Kompanyi haina mrithi, lakini magari yana wenyewe. Kila mtu achukue majina wake, amlishe, amtafutie wa kumsukuma. Akataja jina moja moja, kwa kichwa, mkono wake umeshika ubavu wa kila gari anapolitaja. Zaina. Kashindi. Mwamini. Feza. Anjelani. Kitoko alikuwa amefariki, akatoka mwanawe. Salima akaja ameegemea kushoto. Nilikuwa nayataja pamoja naye mdomoni, sikukosea hata moja. Alipofika la mwisho akasema, "Basi."

Nilibaki nimeshika chupa. Ndiyo, nilikuwa nimekuja tena na chupa.

Nilikasirika kwa msimu mzima wa mvua. Halafu, barabara ilipokauka kidogo, nikawaambia watoto wangu ninakwenda Kabambare kusalimia wenzetu wa kwaya. Uongo. Nilitaka kumwuliza mtu kipofu kwa nini aliniruka mimi peke yangu. Mwenye pikipiki aliniuliza njiani kama natafuta dawa, nilivyokuwa nagumia. Nikamwambia nakwenda kugomba. Akasema, "Bibi, basi shika vizuri, ufike na nguvu."

Nilimkuta kwenye kiti, barazani kwa binti yake, shati jeupe. Alikuwa amekonda. Binti akaniletea maji akasema, "Baba, kuna mama kutoka Kasongo." Fundi akainamisha uso kuelekea miguu yangu, kama zamani, ingawa hakukuwa na cha kuona.

"Ni miye," nikasema.

"Najua. Mama Tabu. Unanuka ndagala."

Nilikuwa nimeoga mara mbili. Nikakaa. Maneno yote niliyoyapanga kwenye pikipiki yakaniponyoka, nikasema lile moja tu: "Fundi, nilikukosea nini? Sawa, nililia kama mbuzi. Miaka mingapi? Hata shefu wa miezi miwili ulimpa."

"Nilikuambia yako nilishatengeneza."

"Ulikuwa unanicheka."

"Miye?" Akashangaa kweli. "Mama, miye nilikuwa fundi vitanda. Nani alinituma kwenye uchafu? Wakati ule lundo lilikuwa nyuma ya meza yako."

Hilo nalikumbuka. Mvua ikinyesha, lundo lilikuwa linanitembelea. Nililalamika kwa kila aliyepita, shefu wa soko, padri, mbuzi.

"Nilipita," akasema, "ukaniambia, 'Weye Fundi, unatengenezea watu pa kulala. Nani atatengeneza kitu cha kuniondolea huu mulima mugongoni?' Ulikuwa unatafuna karanga."

"Miye nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nikaenda nikatengeneza. Jina nililichonga kwanza, kwenye ubao wa chini, kabla ya kupiga pande. Rangi sikuwa nayo. Siku ile nilikuwa nakuletea, nilitaka kugeuza gari uone, niseme majina wako amezaliwa." Akapapasa mkono wa kiti. "Ukaanza kulia meee."

Sikuwa na pa kuweka uso. Binti yake alikuwa mlangoni, akaingia ndani ili asicheke mbele ya mgeni.

"Kwa nini hukusema baadaye? Mbona nilikuuliza!"

"Uliuliza gari mpya. Na mutu akishakataa mutoto mbele ya soko zima, utamufuata nyumbani na mutoto? Nikangoja. Magurudumu yalipovunjika nikasema basi, akae kwa mwenyewe." Halafu akainua kichwa. "Inabeba?"

Nikafikiria ndagala za miaka yote zilizopita mle ndani, ada za shule zilizotoka mle, madeni, magomvi, kikapu cha mtoto Exaucée aliyelala mle mama yake akiwa mgonjwa.

"Inabeba, Fundi," nikasema.

"Basi ukifika, upindue."

Hatukuongea tena jambo la maana. Alitaka habari za kila gari, nikampa, jina kwa jina, na gurudumu lipi linatingika. Nilipoaga alinyoosha mkono, ukakosa wangu, ukagusa kikapu, akakitingisha kidogo kuona kama mpini umeshika.

Siku ya soko iliyofuata niliondoa ndagala zote, nikaziweka kwenye kitambaa. Nikamwambia Zaina anisaidie kupindua. Akasema, "Umepoteza kitu?" Nikasema ndiyo. Tukalipindua sanduku, panya mmoja akakimbia, na vumbi lilipotulia, kwenye ubao wa katikati, karibu na matundu ya ekseli, palikuwa pamechongwa kwa patasi, herufi ndefu za fundi vitanda: TABU.

Zaina alisoma. Akaniangalia. Akasoma tena. Nikainama, mgongo ukapiga kelele, nikachukua chupa kwenye meza yake bila kuomba, nikaanza kupaka yale matundu ya ekseli, ndani kabisa, kwa kidole.

"Unapaka nini?" akasema Zaina. "Haina hata magurudumu."

"Napaka majina wangu. Amechelewa kuogeshwa."

Zaina alichukua kopo lake jingine, akapiga magoti upande wa pili, akapaka tundu lake. Watu wameshaanza kusogea, Kashindi, Mwamini, Salima na bega lake. Nikaona midomo ya Zaina inatetemeka, nikajua kinachokuja, na nilistahili chote. Akajaza mapafu, akatazama soko lote, na akalia:

"Meee!"

Nami nikamwitikia.